Mashine inayofagia yenyewe: angalia kwanza sakafu yako



Mwezi huu tunajibu barua mbili zinazofanana. Ya kwanza ni ya mama mmoja wa Likasi. Kijana wake yuko Ubelgiji, naye amemwambia ku telefone: «Mama, nitakutumia mashini, itafagia na kupanguza yeye moya, wewe utaikala tu.» Mama anauliza: ni kweli, ao ni mchezo wa vijana? Barua ya pili ni ya bwana na bibi wa Kolwezi, waliooana karibuni. Bwana anafanya kazi katika kampuni ya mgodi. Nyumba waliyopanga iko na karo mu saloni, sima katika vyumba vya kulala, na tapi kubwa waliyopewa siku ya arusi. Wameona hizo roboti katika duka, moja ya bei ya chini, ingine ya bei ya kutisha. Wanauliza wachague ipi.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi hawajakiona. Ni kama sahani kubwa ya mviringo, upana wake karibu sentimetre 35, urefu wa kwenda juu sentimetre 8 ao 10. Chini iko na magurudumu, brosi inayozunguka, na tundu linalovuta mavumbi. Nyuma iko na torshoni ndogo inayolowanishwa na mayi. Inatembea yenyewe mu nyumba, na batri ikipungua inarudi yenyewe ku kituo chake kujaza umeme. Kampuni ya Electrolux ya Uswidi iliuza mashine ya namna hii mwaka 2001, na Roomba ya Marekani ikafuata mwaka 2002. Hizo za kwanza zilikuwa zinafagia tu, na Roomba ilikuwa inagonga ukuta na kugeuka kama kondoo aliyepoteza njia. Za leo zinachora ramani ya nyumba, zinajua chumba gani kimekwisha na chumba gani kimebaki, na nyingi zinapanguza pia.

Basi, si uongo. Mashine inafanya kazi. Lakini imefikiriwa kwa nyumba za kule inapotengenezwa, na kwa mavumbi ya kule: nywele za paka, vipande vya mukate, uzi wa nguo. Sisi tuko na mavumbi ya namna ingine, na hatuwezi kuchagua mashine bila kuongea kwanza juu yake.

Mwaka 2009 waganga na wachunguzi wa Université de Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven kule Ubelgiji, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walikuwa wamepima mikojo ya watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Walikuta kobalti nyingi kuliko ilivyowahi kuandikwa popote kwa watu wa kawaida, wasiofanya kazi ya madini. Walikuta pia risasi, kadmiamu, na hata urani. Mwaka 2018 wakatangaza matokeo ya Kasulo, ile kartiye ya Kolwezi ambamo watu walianza kuchimba chini ya nyumba zao tangu 2014. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti katika damu na mikojo kuliko watu wa kartiye ya jirani, na waliopita wote ni watoto.

Juu ya nini watoto? Mtoto mdogo anaishi chini. Anatambaa, anaokota, anatia vidole kinywani. Kile kilichoko sakafuni kesho kiko ndani yake. Kwa hiyo, mama, kufagia kwetu si jambo la wageni kuona nyumba inangaa. Ni jambo la afya.

Na hapa ndipo ufagio wetu wenyewe unatudanganya. Ukifagia sakafu kavu wakati wa kipwa, tazama mwangaza wa jua unaoingia ku dirisha: utaona mavumbi yanapanda kama moshi. Yale mazito unayatoa inje. Yale membamba yanabaki hewani, wewe unayavuta, kiisha yanashuka tena juu ya meza, juu ya kitanda, na sakafuni. Bibi zetu walijua: walinyunyiza mayi kidogo mbele ya kufagia. Mavumbi yenye madini yanapashwa kukamatwa na mayi, ao kuvutwa na mashine yenye filtri nzuri sana. Hakuna njia ya tatu.

Sasa turudi ku roboti. Swali la kwanza si bei wala jina la kampuni. Ni sakafu. Kamata mita, zunguka nyumba yako chumba kwa chumba.

Kama nyumba iko ya udongo, ao sima yenye mashimo na nyufa, acha. Magurudumu yatanasa, na torshoni itageuza udongo kuwa matope. Hakuna roboti ya bei yoyote itakayokusaidia pale, na pesa hiyo ingefaa kwanza kupiga sima mpya.

Sima laini, karo, na balatumu iliyolala vizuri, hapo mashine inapendezwa. Lakini tazama vizingiti. Nyumba nyingi za zamani za kambi za wafanyakazi ziko na kizingiti cha sentimetre 3, 4, hata 5 kati ya chumba na chumba. Roboti nyingi zinapanda karibu sentimetre 2 tu. Utakuwa unaibeba kama mtoto toka chumba hiki mpaka kile, na siku ya tatu utaiacha ku kona. Ziko mpya zinazoinua magurudumu na kupita zaidi, lakini hizo ni za bei ya kutisha. Tazama pia urefu wa kitanda na wa makochi toka chini. Kama nafasi ni sentimetre 7, mashine ya sentimetre 10 haitaingia, na pale chini ya kitanda ndipo mavumbi yanalala.

Tapi ndiyo inaleta mateso, na ni hapa bwana na bibi wa Kolwezi wasikilize vizuri. Mashine ya kupanguza ya bei ya chini inakokota torshoni yake yenye mayi popote inapopita. Itatoka ku karo, itapanda juu ya tapi ya arusi, na kuilowanisha na maji machafu. Kwa nyumba yenye sakafu mbalimbali, tafuta ile inayotambua tapi na kuinua torshoni yake. Lakini uliza inainua kiasi gani. Nyingi zinainua karibu sentimetre 1. Kwa tapi fupi inatosha. Kwa tapi ya manyoya marefu haitoshi, utaona alama za mayi. Ziko zinazoacha torshoni ku kituo mbele ya kwenda ku tapi, na hiyo ndiyo njia safi. Kama tapi iko na nyuzi za kuning'inia pembeni, zikunje chini, maana brosi itazimeza. Na jambo moja la ajabu: mashine iko na macho chini ya tumbo yanayozuia isianguke ku ngazi. Tapi nyeusi kabisa mara nyingine inaonekana kwa macho hayo kama shimo, na mashine inakataa kuipanda.

Ku duka watakuonyesha kwanza nguvu ya kuvuta, inayoandikwa kwa paskali. Moja 2500, ingine inapita 10000. Vijana wanapenda namba kubwa. Tuseme wazi: ku karo na sima laini, 2500 inatosha kwa kazi ya kila siku. Namba kubwa inasaidia ku tapi. Kile ambacho kingefaa kukuhangaisha zaidi ni filtri. Kama filtri si ya namna inayoitwa HEPA, mashine itavuta mavumbi mbele na kuyapuliza nyuma, yale membamba kabisa, yale mabaya. Utakuwa umenunua ufagio wa umeme unaovusha madini toka sakafuni mpaka mu pua.

Tena filtri inajaa. Kopo la mavumbi ndani ya roboti ni dogo, chini ya nusu litre. Vitabu vya watengenezaji vinakataza mara nyingi kuvuta mavumbi membamba sana kama ya sima ao plasta, kwa kuwa yanaziba filtri na kuingia ku mota. Mavumbi yetu ya Agosti, wakati lori zinapita siku nzima, ni ya namna hiyo hiyo. Kule Ulaya mtu anabadilisha filtri kila miezi michache. Huku karibu na barabara ya mgodi, hesabu kwamba zitaisha mbele ya wakati. Kwa hiyo usiulize tu, «Mashine ni bei gani?» Uliza, «Filtri, brosi na torshoni za kubadilisha ziko hapa mu mji?» Kama muuzaji anatazama juu, ondoka. Mama wa Likasi, mwambie kijana wako atie katika kifurushi filtri sita na torshoni sita. Bila hizo mashine itageuka pambo kabla ya mvua kuanza.

Kuhusu kupanguza, tusidanganyane. Torshoni ya mashine ya bei ya chini inafanya kazi ya kitambaa chenye unyevu tu. Nyumba ikiwa na mavumbi mengi, inayakusanya, inachafuka kiisha dakika chache, halafu inaendelea kupaka uchafu ule ule mpaka chumba cha mwisho. Ukitaka kupanguza kweli, tafuta ile ambayo torshoni zake zinazunguka, na inarudi ku kituo kuzisafisha mara kwa mara mu kazi. Na uiamuru ivute mavumbi kwanza nyumba nzima, kiisha ipanguze. Ikifanya yote mara moja, mavumbi yanakutana na mayi ndani ya brosi, na unajua mwenyewe kile kinachotoka: matope. Kituo kinachosafisha torshoni kinahitaji mayi safi, litre 3 ao 4 ndani ya tanki lake, na kinatoa machafu kiasi hicho. Kama wewe unachota mayi ku robine ya jirani, ama Regideso inakuja usiku tu, tia hayo ku hesabu. Na usimimine javel ao sabuni ya povu ndani ya tanki. Inaharibu pompe.

Kuhusu umeme. Batri inafanya kazi hata wakati wa delestaji, hiyo ni faida. Lakini angalia ku shaji: imeandikwa 100–240 V? Ni sawa. Imeandikwa 120 V tu, kama vituo vingine vinavyotoka Marekani? Hapana, usichomeke ku prizi yetu ya 220. Tia stabilizateri kati ya prizi na kituo, maana umeme unaporudi kwa ghafula ndipo vyombo vinakufa. Intaneti nayo: roboti nyingi zinataka wifi ya 2.4 GHz kwa kuchora ramani na kuweka mipaka ya chumba. Ukikosa intaneti, hakikisha mbele ya kununua kwamba iko na kifungo juu cha kuianzisha kwa mkono.

Jambo lingine vijana hawalifikirii: mashine inaona kwa njia gani? Ziko zinazoona kwa mwangaza wa leza, zingine kwa kamera. Ya leza inatembea hata mu giza, na kwetu giza si mgeni. Ya kamera inahitaji mwangaza, na tena inapiga picha za nyumba yako. Mwaka 2022 gazeti moja la Marekani, MIT Technology Review, lilionyesha kwamba picha zilizopigwa mwaka 2020 na roboti za majaribio za kampuni iRobot zilifika mpaka ku Facebook. Wafanyakazi wa mbali, kule Venezuela, waliokuwa wanalipwa kuzipangia majina, ndio walizitia humo. Picha moja ilionyesha mwanamke aliyekaa ku choo. Kampuni ilisema zilikuwa mashine za majaribio, wenye nyumba walikubali. Hata hivyo, katika nyumba yenye wasichana, mimi nachagua leza bila kamera. Wengine wataniita mtu wa zamani, si kitu.

Na bei? Kule Ulaya za chini ziko karibu euro 150 ao 200, na kati ya zile zenye kituo cha kusafisha na kukausha torshoni ziko zinazopita 1000. Ongeza usafiri na duwani. Batri ya litiamu nayo haisafiri kwa ndege bila masharti, kijana aulize kwanza ku kampuni ya ndege. Tena batri za namna hiyo, nyingi kati yao, ziko na kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, hasa hapa Lualaba na Haut-Katanga. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba jiwe lililotoka Kolwezi katika gunia limezunguka China na Ubelgiji, likarudi Likasi katika kifurushi cha mtoto, kusudi lifagie mavumbi liliyoyaacha nyuma.

Sasa tulinganishe na chombo tunachokijua. Ndoo mbili, rakleti yenye mpira mzuri, torshoni nzito za pamba, na sabuni. Ndoo moja ya sabuni, ndoo ya pili ya kusuuza torshoni, ili usirudishe uchafu sakafuni. Pangusa kwanza meza, madirisha na makochi kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa mavumbi yanashuka, hayapandi. Kiisha anza kona ya mbali, malizia ku mlango. Bei yake ni ya chini kabisa, haihitaji SNEL, na kwa mavumbi ya madini inashinda roboti ya euro 200 bila mashindano. Nasema hivi nikijua kwamba rakleti inauma mgongo. Mama mwenye umri, mwenye shida ya magoti, ao mjamzito wa miezi nane, kwake mashine si anasa.

Lakini mu nyumba nyingi mgongo unaouma ni wa msichana mmoja tu. Anaamka saa kumi na moja, anafagia, anapanguza, kiisha anakimbia shule na usingizi machoni, wakati kaka zake watatu bado wamelala. Kama baba anataka kununua roboti juu ya kumhurumia binti yake, ni vizuri, Mungu ambariki. Mu lupango hiyo, hata hivyo, kuna mikono mingine sita ambayo haijashika rakleti hata siku moja, na haihitaji duwani. Na kama kuna dada wa kazi, msinunue mashine mkamfukuza kesho yake. Nani atasafisha filtri? Nani atamwaga kopo? Mtamwita tena.

Kabla ya mashine yoyote, kuna mlango. Baba anayetoka mgodini na salopeti na viatu vya kazi anaingiza mavumbi mengi. Viatu vibaki inje. Salopeti ivuliwe mbele ya kuingia saloni, ifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za mtoto. Baba aoge mbele ya kumbeba mtoto. Na wewe ndugu krezeri unayeweka mifuko ya mawe chini ya kitanda juu ya kuogopa wezi, nakuelewa, lakini pale ndipo watoto wako wanalala. Tafuta nyumba ndogo ya kufunga kwa ufunguo inje. Roboti ikipita chini ya kitanda hicho itajaa mara moja, na mifuko itaendelea kutoa mavumbi kesho na kesho kutwa.

Majibu yetu, basi. Mama wa Likasi: barua yako inasema nyumba ni ya sima yenye vizingiti virefu na umeme unakuja mara tatu kwa juma. Mwombe kijana asitume roboti. Atume pesa ya kutengeneza sakafu, na kama anataka kabisa kutuma chombo, aspirateri ya mkono yenye filtri HEPA itakutumikia miaka mingi, pamoja na filtri za kubadilisha. Mshukuru kwanza kabla ya kumwambia hivyo, asije akavunjika moyo.

Bwana na bibi wa Kolwezi: kwenu inawezekana. Muache ile ya bei ya chini, itawaharibia tapi. Kama mfuko hauruhusu ile inayoinua ao kuacha torshoni, nunueni ya kuvuta tu, ya leza, yenye HEPA, na muendelee kupanguza kwa mkono siku tatu kwa juma, nyote wawili kwa zamu. Mkimwaga kopo la mavumbi, mwende inje, mgeuze mgongo ku upepo, mtie mavumbi ndani ya mfuko wa plastiki wenye mayi kidogo na kuufunga. Mayi ya kupanguza msiyamwage ku bustani ya lengalenga. Na batri ikivimba siku moja, msiichome, msiifungue, msimpe mtoto kuchezea. Iwekeni inje mbali na kitu kinachowaka, ndani ya mchanga mkavu, mpaka mfundi aje kuikamata.

Mwezi ujao: kuchunga mayi ya kisima cha lupango wakati wa mvua.